Mkono wa Mama Kwanza

Siku ya kwanza niliyoripoti kazini katika wadi ya leba ya hospitali ya serikali hapa Eldoret, nilikuwa nimevaa viatu vipya vyeupe vilivyonibana vidole, na jambo la kwanza nililoambiwa ni nisiguse kitu. Nilikuwa nimetoka Soy kwa basi la asubuhi. Baba yangu alikuwa mfanyakazi katika shamba la mahindi la watu huko, na cheti changu cha uuguzi na ukunga nilikikumbatia kifuani njia nzima, ndani ya bahasha ya kaki. Sista Incharge, yaani muuguzi msimamizi wa wadi, hakukitazama hicho cheti. Alitazama mikono yangu. Akaniambia niende nikakate kucha, ninawe mpaka kwenye viwiko, kisha nirudi.

Niliporudi alinipeleka kwa mama mmoja aliyelala ubavu, ameuma pindo la leso. Akanipa fetoskopu. Vijana wa siku hizi wengi hawaijui: ni chombo kidogo cha mbao mfano wa faneli, mdomo mpana unauweka kwenye tumbo la mama, upande mwingine unauweka sikioni, na hapo unausikia moyo wa mtoto aliye tumboni. Niliinama, nikatafuta, nikapata mpigo. Nilifurahi mno. Nikahesabu dakika nzima.

"Tisini na sita, Sista," nikasema.

"Ya nani?"

"Ya mtoto."

Alichukua mkono wangu wa kushoto akauweka kwenye kifundo cha mkono wa yule mama, pale mshipa unapodunda. "Sikiza tena." Nikainama tena. Nilichokisikia sikioni na nilichokigusa kwa vidole vilikwenda pamoja, pigo kwa pigo. Nilikuwa nikiusikiliza moyo wa mama mwenyewe.

Mambo yalivyo ni hivi. Karibu na mfuko wa uzazi kuna mishipa mikubwa ya damu ya mama, na mama mwenye uchungu na hofu moyo wake huenda mbio. Sikio hudanganyika. Moyo wa mtoto mzima huenda mbio zaidi, kuanzia mia na kumi hivi mpaka mia na sitini kwa dakika, lakini mama aliyechoka na kuogopa anaweza kuufikia. Huwezi kuwatofautisha kwa kusikiliza tu.

"Sista Nekesa," alisema kwa sauti iliyofika mlangoni, na akina mama wote wakageuka kunitazama, "mama ana moyo na mtoto ana moyo. Usiniletee mmoja uniambie ni wa mwingine. Mkono wa mama kwanza! Halafu sikio."

Niliona aibu iliyonikaa siku nzima. Lakini somo liliingia, na katika kazi yangu yote nililiacha kipindi kimoja tu. Siku moja ya kipindi hicho ndiyo inayonifanya niandike.

Nimestaafu sasa, naishi mtaa wa Langas, nyumba ya pili kutoka kwa mama wa cherehani. Watu wananijua. Wasichana wenye mimba hunisimamisha kwenye foleni ya posho mill, kinu cha kusaga unga, hunishika mkono baada ya ibada, wote na swali moja: "Mama, nizalie private ama general?" Private ni hospitali ya kibinafsi, general ni ile ya serikali. Kwa miaka nilikuwa nikijibu haraka haraka na kuondoka, kama mtu asiyetaka kuulizwa zaidi. Mwaka huu aliyeuliza ni binti yangu wa pekee, Naliaka, mwenye mimba yake ya kwanza. Nilikaa siku nne bila kumjibu.

Acha nieleze kwanza kazi ilivyokuwa, ili mjue ni kwa nini.

Katika wadi ya serikali tulikuwa wauguzi wawili kwa zamu, pengine watatu kukiwa na neema. Akina mama walilala wawili kwa kitanda, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Kila mmoja alikuwa na patografu, ile karatasi yenye miraba ambayo muuguzi huchora jinsi njia ya uzazi inavyofunguka, sentimita kwa sentimita, na mpigo wa mtoto kila nusu saa. Mstari ukianza kuchelewa unamwita daktari, naye yuko hapo hapo jengoni. Thieta, chumba cha upasuaji, iko mlango wa tatu. Damu iko kwenye friji chini. Hayo ndiyo mema ya pale, na si madogo.

Mabaya yake nayo nayajua kwa sababu mengine niliyafanya mimi. Tulikuwa wakali. Mama akilia tulimwuliza mbona mwezi ule alioshika mimba hakulia. Wengine wetu walichapa mapaja, nami nimewahi kuchapa, naona haya kuandika lakini ni kweli. Kuna mwanamke kutoka hapa hapa Langas aliyejifungua kwenye benchi la ukutani akiwa peke yake, mimi nikiwa na mtoto wa mtu mwingine mikononi, hatua tano kutoka kwake. Niliona kichwa cha mtoto kikitoka na sikuweza kuachilia nilichoshika. Mungu alisaidia, mtoto akaangukia kwenye leso. Metroni, mkubwa wa wauguzi wote wa hospitali, aliniita ofisini asubuhi iliyofuata.

"Benchi limezalisha, Sista?" aliuliza.

"Tulikuwa wawili, Metroni, na akina mama kumi na..."

"Sikuuliza mlikuwa wangapi."

Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi wadi. Ndivyo tulivyoishi. Lakini hata katika vurugu hiyo Sista Incharge angepita nyuma yako, akuone umeinama na fetoskopu, na bila kusimama angesema, "Mkono?" Nawe ungenyanyua mkono wa kushoto aone kwamba umeshika kifundo cha mama. Alistaafu, akaja mwingine, baadaye nikawa mimi. Nami niliwapigia wanafunzi kelele kwa maneno yale yale.

Miaka yangu ya mwisho ya kazi nilihamia hospitali ya kibinafsi upande wa pili wa mji. Jina lake sitalitaja, na lilishabadilishwa. Mgongo ulikuwa umechoka, na Naliaka alikuwa kidato cha pili. Siku ya mahojiano Daktari Mkurugenzi, mwenye hospitali, alinitembeza mwenyewe. Sakafu iling'aa. Kila mama na chumba chake, pazia, kiti cha mume. Nilipoona kiti cha mume nilifikiria wale wanaume niliowafukuza mlangoni miaka yote, moyo ukaniuma.

Kando ya kitanda kulikuwa na mashine. Mama anafungwa mkanda tumboni, mkanda una kidude kinachonasa mpigo wa mtoto, namba zinatokea kwenye kioo, na kioo kingine kama hicho kiko mezani kwa sista. Ukiongeza sauti, chumba kizima kinasikia moyo.

"Hapa Sista," Daktari Mkurugenzi aliniambia, "hatushikishiki wateja ovyo. Mteja anataka kupumzika. Mashine inatosha. Wewe kaa mezani uangalie kioo, kukiwa na shida unanipigia simu."

"Na mkono wa mama, Daktari?"

Alicheka, si kwa ubaya. "Hiyo ni ya general, Sista. Huko hamna mashine."

Nilikubali. Nataka mjue kwamba hakunilazimisha. Nilikuwa nimechoka kuinama, na kukaa mezani kulikuwa kutamu.

Mama Chelagat alikuja asubuhi moja akitokea Sugoi. Alikuwa mkulima, mke wa mkulima, mrefu, mpole, mwenye mtoto mmoja nyumbani, huyo Chelagat. Wa kwanza alikuwa amemzaa general, akachapwa na kutukanwa, na mume wake alikuwa ameapa kwamba wa pili atazaliwa kwa heshima. Nilimfunga mkanda. Saa ya kwanza kioo kilionyesha mia na hamsini hivi, nikaandika. Daktari Mkurugenzi alipiga simu kutoka kliniki yake mjini, nikamwambia tuko sawa.

Baadaye uchungu ulipokolea Mama Chelagat aligeuka ubavu, na mkanda ukateleza. Kwenye kioo changu namba ilishuka, ikatulia kwenye mia na kumi na nane, mia na ishirini. Niliiona. Namba ilikuwa ndani ya mipaka, nikaona haina neno. Muuguzi wa miaka yangu alipaswa kuinuka, aende ashike kifundo cha mkono. Hatua nane tu. Nilikuwa na chai.

Nilipoingia hatimaye, alikuwa amelowa jasho. Akaniuliza, "Sista, mtoto yuko sawa?"

Nami, kwa kutaka kumpoza, niliongeza sauti ya mashine. "Sikia mwenyewe, mama. Sikia moyo wake unavyopiga."

Alifumba macho akasikiliza. Alitabasamu. Mumewe naye, kwenye kile kiti, akatabasamu. Chumba kizima kilijaa mdundo ule, nikauacha ukisikika, nikarudi mezani kwangu.

Ulikuwa moyo wake mwenyewe.

Daktari Mkurugenzi alipofika kumzalisha, alisogeza kidude huku na huku tumboni, kisha akanitazama. Mtoto wa kiume alizaliwa muda mfupi baadaye, hana uhai, kamba ya kitovu imemzunguka shingoni mara mbili na kukaza. Moyo wake ulikuwa umepungua taratibu, na kulikuwa na saa nzima ambayo mtu mwenye vidole viwili angeweza kujua. Pengine hata tungejua tungechelewa, maana pale hapakuwa na daktari wa kupasua wala damu, na ambulensi ingelazimika kuvuka mji. Hilo nimejiambia mara nyingi na halijanisaidia.

"Waambieni ni ajali ya kamba," Daktari Mkurugenzi alisema ofisini. Ilikuwa kweli. Kwenye patografu nilikuwa nimeandika mia na ishirini, mia na ishirini, mia na kumi na nane. Nikatia sahihi.

Jambo lililonimaliza lilikuja siku ya pili, walipokuwa wakiondoka. Mama Chelagat alisimama mlangoni akiwa amefunga leso kifuani kuzuia maziwa, akanishika mikono yote miwili. "Asante Sista. Angalau ulinisikizisha moyo wake. Hiyo nitakaa nayo." Nilisema pole. Nilifanya kazi pale mpaka siku ya kustaafu, nikashika mkono wa kila mama aliyeingia, hata Daktari alipokunja uso, na hakuna mtu niliyemwambia sababu.

Kwa hivyo Naliaka aliponiuliza, mnaweza kuelewa kwa nini ulimi ulikuwa mzito. Siku ya nne tulikuwa jikoni tukichambua mboga za managu. Mume wake, Kariuki, kijana wa watu wenye duka pale karibu na soko, alikuwa amelisukuma jambo hilo wiki nzima.

"Mama, Kariuki ashaongea na watu wa insurance," Naliaka alisema. "Wamesema private tuko covered. Kila mtu ana maoni, hata mama wa cherehani ana maoni. Wewe ndio umefanya hiyo kazi na umenyamaza tu. Mbona unaniogopesha?"

"Sikuogopeshi, mama."

"Unaniogopesha. Nikitaja private unaangalia chini. Nikitaja general unaangalia chini. Ni nini?"

Nikamwambia. Nilianza na Sista Incharge na fetoskopu, nikamaliza na leso iliyofungwa kifuani. Sikujipunguzia. Alipokuwa mdogo nilizoea kumwambia kwamba mikono yangu imepokea nusu ya watoto wa mji huu, na alikuwa akijivunia hilo shuleni. Sasa alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo lake, na aliniangalia kana kwamba mimi ni mgeni aliyeingia bila kubisha.

"Na huyo mama anajua?" aliuliza.

"Hapana."

"Hata mara moja hujawahi kumwambia?"

"Hapana, Naliaka."

Aliinuka akaenda nje. Nilimsikia akitembea uani, huku na huku, kwa ule mwendo wa mwezi wa nane. Niliogopa kwamba nimempandisha presha, na nikaanza kuhesabu dalili kichwani: kichwa kuuma, kuona ukungu, miguu kuvimba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Sitaki uniambie private ama general," alisema. "Niambie nitauliza nini."

Basi tulienda kote kuwili. Kule private, hospitali nyingine mpya wala si ile yangu, msichana wa mapokezi alituonyesha chumba kizuri kuliko chumba changu cha kulala. Naliaka akauliza maswali niliyompa. Daktari wa kupasua yuko ndani ya jengo Jumapili mchana? "Tunampigia, anakuja haraka." Damu mnayo? "Tukihitaji tunaagiza." Mama akizidiwa, anapelekwa wapi? Msichana akasita kidogo. "General."

General hakuna aliyetupokea. Tulisimama mlangoni mwa wadi, tukaona akina mama wawili wawili kitandani, mmoja akitembea koridoni ameshika ukuta. Muuguzi alipita na trei akasema, "Mama, hapa si mahali pa kusimama," na ilikuwa haki yake. Madaktari tuliwaona kwa macho. Watatu, wawili wao vijana. Kwenye gari Naliaka alilia. Kariuki alishika usukani bila kuwasha.

"Mama, nisamehe," Kariuki alisema, "lakini watu wanahangaika watoke huku waende private. Sisi tutoke private tuje huku?"

Nilijua vyumba vizuri ambamo wauguzi ni hodari na daktari halali, na akina mama wengi sana wamejifungulia humo salama. Nilijua benchi la ukutani. Kokote nilikoangalia niliona mtoto anaanguka na mimi nimeshika kitu kingine.

Aliyejibu ni Naliaka. "Hapa nitaumia roho," alisema, akijipangusa. "Lakini kama ni kuzidiwa, nizidiwe nikiwa mahali watu wa kuzidiwa wanaletwa."

Wiki zilizofuata sikulala vizuri hata siku moja. Redio ikatangaza kwamba wauguzi wa serikali wametoa ilani ya mgomo, nikakaa karibu na redio kila saa ya habari, mimi niliyewahi kugoma mwenyewe na kuimba langoni. Nilikuwa nimemtoa mtoto wangu kwenye chumba chenye pazia, na sasa huenda nikamfikisha kwenye mlango uliofungwa. Mgomo uliahirishwa siku moja kabla. Nilishukuru nimepiga magoti.

Uchungu ulimshika Jumanne asubuhi. Kufika pale nikajitambulisha kwa askari wa mlango kwamba nimewahi kuwa Incharge wa wadi hiyo. Alinisikiliza kwa adabu kisha akaniambia, "Sawa Mama. Ngoja pale na wengine." Pale ni benchi la nje, chini ya dirisha la vioo vya kupandana. Nilikaa na Kariuki. Nilisikia trei zikigongana, maji yakimwagwa, mama mmoja akimwita mama yake kwa Kikalenjin. Naliaka sikumsikia, na huko kutomsikia kulinitesa kuliko kelele. Kariuki aliniuliza mara tatu kama hiyo ni kawaida. Mara tatu nilisema ni kawaida.

Kisha, kupitia vile vioo, nikasikia sauti ya msichana, bila shaka mwanafunzi: "Mia na nne, Sista."

Nilisimama. Mia na nne ni chini.

"Ya nani?" sauti nyingine iliuliza, ya mtu mzima, ya mtu aliyechoka.

"Ya mtoto."

"Umeshika mkono? Nyanyua nione. Hujashika! Mkono wa mama kwanza! Nani anawafundisha nyinyi?"

Alihesabu upya. Dakika moja, kisha ya pili. Nilizihesabu kwa saa yangu ya kazini ambayo sijaacha kuivaa.

"Mama ni mia na nne," sauti ya mwanafunzi ilisema. "Nimesogeza... mtoto ni mia na arobaini na nne."

"Haya. Andika yote mawili."

Nilikaa tena chini, nikalia mbele ya watu, na Kariuki akadhani kuna jambo baya mpaka nikamshika shavu. Ile sauti iliyochoka sikuitambua. Huenda nilimfundisha mimi, huenda alifundishwa na niliyemfundisha.

Mjukuu wangu alizaliwa kabla ya saa nane mchana, msichana, kilo tatu na kidogo. Sitawadanganya kwamba Naliaka alitoka akisifu. Alilala na mama mwingine kitanda kimoja, muuguzi mmoja alimfokea kwa kuomba maji, na mto alioenda nao hakurudi nao. Mambo hayo yanastahili kusemwa na kurekebishwa. Mkiniuliza sasa swali lenu la foleni ya posho, nitasimama niwajibu pole pole: ulizeni daktari yuko wapi saa ile mnayoiogopa, damu iko wapi, mnapelekwa wapi mkizidiwa. Kisha popote mtakapolala, muuguzi akija na mashine au na faneli, mnyoosheeni mkono. Mwambieni ashike kwanza. Akikasirika, akasirike akiwa ameshika.

Siku ya tano Naliaka alikuwa akinyonyesha kwenye kiti changu. Hakuinua macho. "Mama, Sugoi ni mbali?"

"Si mbali."

Akamhamishia mtoto titi la pili.

Nilienda Alhamisi iliyofuata. Si vigumu kumpata mtu Sugoi ukijua jina la mtoto wake wa kwanza. Mama Chelagat alikuwa nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi, nywele zimeingia mvi. Alinitambua upesi. "Sista!" alisema, akaleta kiti, akaleta chai kabla sijatoa kauli. Kikombe nikakiweka chini bila kunywa.

Nilimwambia yote, kwa mpangilio, kama ripoti ya zamu. Mkanda, namba, chai yangu, hatua nane. Alinisikiliza akiwa ameshika gunzi.

"Kwa hivyo si yale maji?" aliuliza.

"Maji gani?"

"Asubuhi ile nilibeba debe kutoka mtoni. Mama mkwe alinikataza, nikabeba. Mzee wangu hajui. Nimefikiria ni debe."

"Si debe. Debe halikufanya kitu. Mtoto alifika kwangu akiwa mzima."

Aliangalia shamba. Niliona machozi yakimtoka bila uso wake kubadilika, na sikuthubutu kumshika. Nilikuwa nimemwondolea mzigo mmoja, na nilijua kilichobaki kusemwa kitamnyang'anya kile alichokaa nacho.

"Na ule moyo," alisema, "nilioskia kwa mashine..."

"Ulikuwa wako, mama. Nisamehe. Ulikuwa wako."

Hakusema ananisamehe. Mpaka leo hajasema. Aliweka gunzi chini, akajipangusa mavumbi ya mahindi kwenye leso, akaninyooshea mkono wake wa kushoto, kiganja juu.

"Hebu shika," alisema. "Nataka unihesabie, nijue nilisikia nini."

Nikakishika kifundo cha mkono wake, nikaitazama saa yangu, nikahesabu dakika nzima.